Selo Si Dawa ya Usingizi

Wacha niseme mapema ndiyo tusipotezeane wakati: kama kwenye simu yako kuna ile pleilisti ya "selo ya kutuliza akili", saa tatu za nyuzi za polepole na picha ya mvua dirishani, mimi na wewe tuna maneno. Si matusi, ni maneno tu. Najua kwa nini unayo. Nairobi ina kelele, kodi ya nyumba haingoji, bosi anatuma meseji saa nne usiku, na akili inatafuta pa kukaa. Sawa. Lakini watu waliopiga hiyo selo hawakuwa wanakubembeleza ulale. Wengine wao walikuwa wanapiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi.

Angalia vile apu inafanya. Inachukua kipande kimoja, inakitenga na vipande vyenzake, inakiweka katikati ya piano ya mvua na sauti ya mawimbi. Jina la mpigaji linabaki kwa herufi ndogo, kama yale masharti ya mkopo wa simu ambayo hakuna mtu husoma. Na mwaka? Mwaka ndio uongo mkubwa. Rekodi iliyofanywa 1936 utaikuta imeandikwa elfu mbili na kitu, kwa sababu huo ndio mwaka kampuni ilipoisafisha na kuiuza upya. Kesi yangu yote iko hapo. Ukishamwondolea mtu jina na tarehe, hujui tena alikuwa anasema nini, wala alikuwa anamwambia nani. Unabaki na mto wa kulalia.

Tuanze na Bach, kwa sababu yeye ndiye anaonewa zaidi. Swiiti zake sita za selo peke yake ziliandikwa karibu 1720 (neno linasikika kama peremende, lakini ni msururu tu wa vipande vinavyofuatana). Kila moja ina utangulizi, halafu densi tano. Densi! Kuna ya kutembea, kuna ya kukimbia, na mwisho kuna jigi ya kurukaruka. Utangulizi wa swiiti ya kwanza unaujua hata kama hujui kwamba unaujua. Umetumika kwa matangazo ya biashara mpaka umechakaa. Na ile sarabanda ambayo apu inakupa ukalale nayo, densi yenye jina hilo ilipigwa marufuku Uhispania mwaka 1583 kwa sababu wakubwa waliiona chafu. Kufika kwa Bach ilikuwa imepunguza mwendo na kuvaa suti, hilo sikatai. Bado uzito wake unaangukia pigo la pili, mahali ambapo mguu haukutarajia. Mtu anayelala na sarabanda ni kama mtu anayelala katikati ya harusi.

Sasa, kwa nini tunazisikia leo? Mwaka 1890 kijana wa miaka 13, Pablo Casals, aliingia na babake kwenye duka la karatasi za muziki Barcelona, karibu na bandari, akakuta nakala ya swiiti hizo. Wakati huo watu wengi walizichukulia kama mazoezi ya vidole, kitu cha mwanafunzi, si cha jukwaani. Casals alikaa nazo zaidi ya miaka kumi akizichimba nyumbani kabla ya kuthubutu kupiga moja nzima mbele ya watu. Miaka kumi. Sisi tunaruka wimbo baada ya sekunde kumi.

Halafu hakutaka kuzirekodi. Alikubali akiwa karibu miaka 60, na angalia wakati wenyewe. Julai 1936 alikuwa kwenye mazoezi ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven na okestra yake Barcelona wakati habari zilipoletwa kwamba wanajeshi wameasi na jiji linaweza kushambuliwa usiku huo. Akawauliza wanamuziki: tuondoke au tumalize? Wakamaliza, ndipo wakaenda nyumbani. Novemba mwaka huo huo akaingia studio za Abbey Road, London (naam, zile zile ambazo Beatles walikuja kuzipa jina baadaye), akarekodi swiiti ya pili na ya tatu. Juni 1938, Paris: ya kwanza na ya sita. Januari 1939 Barcelona ikaanguka mikononi mwa Franco. Juni 1939, Paris tena: ya nne na ya tano. Kwao hakurudi kuishi tena mpaka kifo chake mwaka 1973. Kwa simulizi yake mwenyewe, jenerali mmoja wa Franco, Queipo de Llano, alitangaza redioni kwamba akimkamata Casals atamkata mikono yote miwili kwenye viwiko.

Soma tena sentensi hiyo halafu uniambie kuhusu pleilisti ya kusomea mtihani.

Sisemi kwamba ukisikiliza utasikia bunduki. Muziki si gazeti. Utakachosikia ni mzee anayepumua kwa pua kama mtu anayepanda ngazi, vidole vyake vya kushoto vikigonga ubao kwa nguvu kiasi kwamba kila noti inaanza na kishindo kidogo, na uta unaokwaruza kabla sauti haijatoka. Haipigi nzuri-nzuri. Mahali ambapo wengine wanateleza, yeye anasukuma. Baada ya vita vya pili, serikali za Uingereza na Marekani zilipomwacha Franco aendelee kukaa, Casals akaacha kufanya maonyesho. Huyo ni mtu aliyekuwa miongoni mwa wanamuziki maarufu zaidi duniani, akaketi Prades, mji mdogo wa Ufaransa karibu na mpaka wa kwao, akafunga mdomo wa selo. Mwaka 1950 wanamuziki wenzake walichoka kumngoja, wakamfuata huko huko na tamasha lao.

Hapa ndipo mtu huniambia: sawa, lakini hiyo rekodi ni mbovu, inakwaruza kama viazi vinakaangwa. Si afadhali nisikilize mpya, safi, imerekodiwa vizuri?

Nakujibu kwa swali. Ukisikia sahani ya Siti binti Saad inayochakarika, ule mchakariko unauita nini? Unauita historia. Unafunga macho, unasema "wah". Na hujakosea. Siti na wenzake walipanda meli kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya HMV, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Mwaka huo huo wa 1928, kampuni hiyo hiyo ilikuwa Uingereza ikimrekodi Beatrice Harrison akipiga Koncheto ya Selo ya Elgar, Elgar mwenyewe akiongoza okestra. Rekodi za Casals nilizozitaja zilitolewa na kampuni hiyo hiyo. Kwa hivyo Bi. Siti na Casals wana chapa moja, enzi moja, mchakariko mmoja. Huwezi kuuheshimu kwa mmoja na kuuona uchafu kwa mwingine.

Tena ule mchakariko unakuambia kitu. Upande mmoja wa sahani kubwa ya santuri ulibeba dakika nne na kidogo, basi. Siti alilazimika kuubana wimbo wa taarabu, ambao ukumbini unajinyoosha utakavyo, uingie kwenye nafasi hiyo. Mpiga selo mwenye koncheto ya karibu dakika 40 alilazimika kuikatakata: unapiga dakika nne, unasimama, mafundi wanabadilisha nta, unarudi pale pale ulipoachia na hasira ile ile. Hakukuwa na kukata na kubandika. Ukikosea dakika ya tatu, upande wote umeharibika, mnaanza upya. Kwa hivyo kila upande unaousikia ni mtu aliyeamua: hii ndiyo, acheni iende hivyo. Siku hizi rekodi safi inaweza kuwa imeunganishwa kutoka vipande mia. Sina ubaya nayo. Lakini usiniambie usafi ndio ubora, kwani usafi ni kazi ya fundi na ubora ni kazi ya mpigaji.

Hebu sasa tuchukue kitu kimoja tu, Koncheto ya Selo ya Dvořák, tuone tarehe inafanya nini. Dvořák alikuwa Mcheki. Aliiandika New York, 1894 hadi 1895, akiwa na hamu ya kwao, na aliporudi nyumbani akabadilisha mwisho wake kwa sababu shemeji yake Josefina, ambaye aliwahi kumpenda ujanani, alikuwa amefariki. Noti ni zile zile kwa kila mtu.

Berlin, 1928 na 1929. Emanuel Feuermann, Myahudi aliyezaliwa Kolomyia, mji ambao leo uko Ukraine, ana miaka ishirini na kitu. Selo ni chombo kikubwa, kizito, lakini mikononi mwake kinaruka kama fidla. Mimi huyu ndiye ninayempa taji la ufundi, na sitaki mjadala. Kuna mbio za noti pale ambazo wapigaji wa leo, na nyuzi zao za chuma na mikrofoni zao zote, bado wanazipita kwa tahadhari kama pikipiki kwenye matope. Yeye anazipita akicheka. 1933 Wanazi wakamfukuza kazi ya kufundisha Berlin kwa sababu ya Uyahudi wake. Alikufa New York mwaka 1942 kwa matatizo yaliyofuata upasuaji uliodhaniwa mdogo. Alikuwa na miaka 39.

Prague, Aprili 1937. Casals, na okestra ya Wacheki wenyewe, Czech Philharmonic, chini ya George Szell. Mwezi huo huo Guernica ilipigwa mabomu. Nyumbani kwa mpigaji vita vinawaka. Nyumbani kwa okestra havijafika, vitafika Machi 1939, wanajeshi wa Hitler watakapoingia Prague. Nikiisikiliza ile rekodi huwa naona watu waliokusanyika kwenye nyumba ambayo paa lake bado liko. Okestra haimsindikizi Casals, inamkimbilia. Labda ni mimi tu kwa sababu najua tarehe. Sawa, labda. Basi nipe sababu ya kutoijua.

London, 21 Agosti 1968. Hii ndiyo ningetaka kila mtu mwenye pleilisti ya mvua afungiwe nayo chumbani. Mstislav Rostropovich, Mrusi aliyezaliwa Baku, amepangiwa kupiga Dvořák ukumbi wa Royal Albert Hall na okestra ya dola ya Kisovieti. Tarehe hiyo ilipangwa zamani. Asubuhi ya siku hiyo dunia imeamka na habari kwamba vifaru vya Kisovieti vimeingia Czechoslovakia usiku. Jioni, Warusi wanapanda jukwaani kupiga muziki wa Mcheki. Nje kuna maandamano. Ndani watu wanapiga kelele, na kwenye rekodi makelele hayo yanasikika kabla okestra haijapata nafasi. Halafu Rostropovich anaingia.

Angeweza kupiga vizuri tu, kibiashara, arudi hotelini. Hakufanya hivyo. Anaikamata selo kama mtu anayemshika mwenzake asianguke. Walioshuhudia walisema machozi yalikuwa yanamtiririka, na mwishoni aliinua juu karatasi za muziki za Dvořák, watu wazione. Hakutoa hotuba, maana kwa Mrusi wa wakati ule hotuba ilikuwa na bei. Miaka miwili baadaye aliandika barua ya wazi kumtetea Solzhenitsyn, mwandishi aliyekuwa amemhifadhi nyumbani kwake, na bei ikaja kweli: 1974 akaondoka nchini, 1978 akanyang'anywa uraia. Novemba 1989 ukuta wa Berlin ulipofunguka, alifika hapo na selo yake, akaketi kwenye kiti mbele ya ukuta, akapiga Bach. Densi, tena. Huyo hakuwa anamtuliza mtu akili.

Kuna dhambi nyingine, na hii ni ya watu wanaojidai wanasikiliza. Inaitwa Jacqueline du Pré. Kila mtu anajua hadithi: binti Mwingereza, kipaji cha ajabu, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaomnyang'anya mikono, kifo mwaka 1987 akiwa na miaka 42, halafu filamu ya 1998. Kwa hivyo watu huweka ile rekodi yake ya Elgar wakalia. Nenda usome maoni chini ya video: "unaweza kusikia mateso yake". Hapana. Huwezi. Rekodi hiyo ilifanywa Agosti 1965. Alikuwa na miaka 20 na afya tele. Ugonjwa ulitambuliwa 1973. Unachosikia ni msichana mwenye nguvu za kupasua mbao, akiwa na London Symphony Orchestra chini ya John Barbirolli, ambaye mwaka 1919, koncheto hiyo ilipopigwa mara ya kwanza kabisa, alikuwa mmoja wa wapiga selo ndani ya okestra hiyo hiyo. Huzuni iliyomo ni ya Elgar, mzee wa miaka 62 aliyeangalia vita vya kwanza vikila kizazi kizima. Du Pré aliisoma huzuni ya mzee na kuipiga kwa damu ya kijana. Huo ni ustadi, ni kazi, ni akili. Ukimsikiliza kama mgonjwa unamnyang'anya kazi yake mara ya pili. Unasikiliza faili la hospitali.

Na hiyo huruma inawafuta wengine. Beatrice Harrison, ambaye Elgar mwenyewe alimchagua, anakumbukwa zaidi kwa matangazo ya BBC ya 1924 akipiga selo usiku bustanini kwake kuwachokoza ndege waimbe. Guilhermina Suggia, Mreno, anajulikana kwa picha aliyochorwa akiwa na gauni jekundu. Yaani mwanamke mpiga selo lazima awe mgonjwa, au awe na ndege, au awe na gauni. Rekodi zao zipo. Ziweke zicheze.

Kwa wale wanaoamini hisia ni machozi peke yake, nawatuma kwa János Starker. Alizaliwa Budapest 1924, Myahudi. Kaka zake wawili waliuawa na Wanazi. Miaka michache baada ya vita akarekodi Sonata ya selo peke yake ya Kodály, kipande cha 1915 ambacho kinakudai ulegeze nyuzi mbili za chini kabla hata hujaanza, ndiyo chombo kingurume kutoka mahali ambapo kwa kawaida hakifiki. Mtu mwenye historia hiyo angelia kwenye kila noti na nani angemlaumu? Starker hapigi kilio hata kimoja. Ni baridi, safi, kali kama wembe mpya. Wengi walimwita mkavu. Mimi nasikia mtu ambaye amekataa katakata kukuonyesha jeraha lake ndiyo umlipe. Hiyo haiwezi kuingia kwenye pleilisti ya "hisia", na ndiyo maana hujawahi kupendekezewa.

Najua swali linalokuja, maana huulizwa kila ninapofungua mdomo kuhusu haya mambo: kwani umekosa muziki wa kwenu? Si huu ni wa wazungu?

Ni wa wazungu, ndio. Sijasema ni bora kuliko wetu, na wala sitawahi kusema. Wale wanaouweka kwenye mapokezi ya hoteli ndiyo ujue uko mahali pa watu wenye pesa ni maadui zangu pia. Nao wameufanya mto wa kulalia, tofauti ni kwamba wao wameuvalisha tai. Lakini mimi nimelelewa katika nchi ambako watu walifungwa kwa ajili ya mashairi na michezo ya kuigiza, na siwezi kukutana na mzee aliyekataa kupigia muziki serikali za marafiki wa dikteta halafu nikasema hayanihusu kwa sababu alizaliwa Catalonia. Na ninajua pia mtu akishazoea kumeza sauti bila kuuliza ya nani na ya lini, hataishia kwa Casals. Atafanya hivyo hivyo kwa Siti. Ameshaanza: nimeona nyimbo za zamani za pwani kwenye pleilisti ya "mandhari ya ufukweni", jina la mwimbaji limekosewa, mwaka haupo.

Basi fanya hivi. Tafuta Casals, swiiti ya tano, ile ya Juni 1939, miezi mitano baada ya jiji lake kuanguka. Utaikuta imeandikwa mwaka mwingine; usijali, sasa unajua. Ruka mpaka sarabanda. Ndani yake hakuna mahali hata pamoja ambapo nyuzi mbili zinapigwa kwa pamoja. Ni sauti moja tu, noti baada ya noti, kama mtu anayepita kwenye vyumba vya nyumba iliyohamwa akigusa kuta. Ni dakika chache. Lipia data, weka simu kifudifudi mezani, usifungue kitu kingine. Utamsikia akivuta pumzi.

Ukisinzia katikati, anza tena.